Nilipoiacha Akiolojia

Akina mama wenzangu, kila mmoja apokee salamu ya imani yake. Mmeniomba nisimame, nami nitasema.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza maandazi Mpwapwa, nimekaa Singida, nimepika kwenye mashamba ya mpunga, na kote huko moyo ulikuwa unalilia milima ya kwetu Kondoa. Nilipovuka arobaini, nikiwa na elimu yangu ya kidato cha sita tu, nikasema basi, nitakuwa mwalimu. Nikapata chuo hapa hapa Dodoma.

Ndugu zangu, shahada ile ilitaka tuchague masomo mawili. Wenzangu wengi walichukua Historia na Jiografia, au Historia na Kiswahili. Mimi nikachukua Historia na Akiolojia. Kisa? Utotoni nilichunga mbuzi chini ya miamba yenye michoro ya watu wa kale. Niliposikia kuna somo la mambo hayo, sikumuuliza mtu.

Mwaka wa pili, wakati wa likizo, nikaenda shule moja kuomba kujitolea. Mwalimu wa taaluma akaniuliza, "Historia sawa. Na somo la pili?"

"Akiolojia."

Ofisi nzima ikacheka. "Mama, hapa utachimba nini? Mifupa ya mkuu wa shule?"

Hata mimi nilicheka. Kisha mwalimu yule akashusha sauti. "Dada, sekondari wanataka mwalimu wa masomo mawili yanayofundishwa. Wewe unalo moja. Na ualimu wenyewe hujausomea, shahada yako si ya ualimu."

Nilirudi chumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, nikajifungia. Chuo kilipofunguliwa, darasani sikwenda. Kuoga niliacha, siwafichi. Umri wa kuajiriwa serikalini ulikuwa unanikimbia, na mimi natazama ukuta. Nikaanza kuwaza kwamba nisipokuwepo, hakuna kitakachopungua.

Wawili kati yenu, mnajijua, mligonga mlango mpaka jirani akatukana. "Fungua, usituchezee! Tuna uji wa moto!" Mkaninywesha, mkanifunga kanga, mkanifikisha kwa mshauri wa masomo pale chuoni.

Mshauri mwenyewe, kijana tu, akaniamkia, akasema, "Mama, njia zipo, ila zote zinauma. Umalize hivi hivi, usahau ualimu. Au uache Akiolojia, uhamie ualimu, Jiografia uanze na wa mwaka wa kwanza huku ukiendelea na Historia."

"Na umri wangu?"

"Serikalini utakuwa umepita."

Nikalia. Mmoja wenu akaniinamia: "Wewe unataka serikali, au unataka kufundisha?"

Nikasema, nahamia.

Msidhani mambo yalinyooka. Mtihani wa kwanza wa kusoma ramani nilifeli. Vijana wakaniita Bibi Dira. Vipindi vya masomo mawili viligongana, nikawa naishi kwa kuazima maelezo ya wenzangu. Na umri ulipita kweli. Ajira ya serikali sikupata, wala sitapata.

Leo nafundisha shule binafsi Bahi, kwa mkataba mfupi, Historia na Jiografia. Mvua zikizidi njia hujaa maji, darasa linabaki nusu. Ile miamba bado naiota, na nikiamka inauma. Lakini naamka, naenda kazini.

Asanteni nyie wawili. Mngeupita mlango wangu siku ile, leo habari zangu mngekuwa mnazisimulia nyie, mimi sipo. Na nawaambia wote: mwenye mtoto anayeomba chuo, amuulize masomo yake mawili yanampeleka wapi. Asipojua, mpandisheni kwenye basi mniletee Bahi. Sina cha kumpa zaidi ya chai, lakini hapo hataondoka bila jibu.