Miti ya Mjane wa Mkula

“Miti hiyo utaila?” jirani aliwahi kumwuliza Kandida, alipopanda miche ya mradi wa uhifadhi kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, ili msitu urudi na tembo wapate pa kupita. Leo alikuwa kwenye Noah ya abiria kutoka Ifakara, rozari mkononi, abiria wawili wakizungumza kiti cha mbele.

“Naenda Mkula kuona shamba,” alisema Zubeiri, mwenye duka Kibaoni. “Mwenyewe alifariki. Mdogo wake, Amedeus, ananiuzia. Mjane kajaza miti ya mradi.”

“Kapanda mwenyewe?” mwenzake akauliza.

“Kwa mkono wake.”

“Basi unanunua kesi, kaka. Huku aliyepanda miti ndiye mwenye shamba. Ndiyo maana mpangaji tunamruhusu mahindi tu.”

“Msumeno ninao.”

Kandida alimalizia kwanza Salamu Maria. Hakuona vizuri kumkatisha Mama wa Mungu kwa ajili ya msumeno. “Ukifika usihangaike kuuliza njia, baba,” akasema. “Amedeus ni shemeji yangu. Tutashuka wote.”

“Shikamoo, mama,” Zubeiri alisema, amechelewa kidogo.

“Marahaba. Msumeno umeubeba?”

“Shusha hapa,” Zubeiri akamwambia dereva.

“Mkula bado, bosi.”

Gari lilisimama. Zubeiri akashuka, akavuka barabara kungoja la kurudi Ifakara.