Mama Aliyepima Baruti: Historia ya Marehemu Arlys Tvedt

Mchungaji, ndugu, majirani, wanachama wa klabu ya shabaha ya Kolstad, na nyote mliopita kwenye tope hili la Machi ili kuketi nasi leo Jumamosi, familia inawashukuru, na historia hii inasomwa na Karla, binti wa marehemu, kwa kuwa Baba alijaribu kuisoma jana mezani, akafika mstari wa pili, akamkabidhi karatasi.

Marehemu Arlys Tvedt alizaliwa tarehe 9 Novemba 1943, katika shamba la ngano la wazazi wake, Nels na Borghild Haugrud, maili saba kaskazini mwa mji huu wa Kolstad, Montana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, siku ya theluji nzito hata mkunga akafika kesho yake, akakuta mtoto ameshanyonya na amelala.

Alianza masomo Septemba 1949 katika shule ya chumba kimoja ya Cottonwood Creek, akamaliza sekondari hapa mjini Mei 1961 akiwa wa kwanza katika hesabu, na Septemba 1962 akaajiriwa kuwa mwokaji jikoni mwa shule ya msingi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa kasoro miezi michache, hadi alipostaafu Juni 2001. Wengi mliokaa humu mmelelewa na mikate yake ya mdalasini, msibishe, maana matumbo yenu yanawaumbua. Hakupima unga kwa kikombe hata siku moja, alipima kwa mizani, akisema kikombe kinadanganya siku ya unyevu.

Tarehe 12 Juni 1965, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Delmar Tvedt, wakajaliwa watoto wawili, Karla mwaka 1966 na Wade mwaka 1970, na baadaye wajukuu wanne.

Hapa Baba ameomba tusipite haraka, kwa kuwa kuna jambo analodaiwa na Mama, na anataka lisemwe mbele ya klabu nzima.

Julai 1968 farasi wao aliyeitwa Dolly alitia mguu kwenye shimo la kindi wa ardhini, hawa wanaotoboa malisho yetu kila mwaka, mguu ukavunjika, ikabidi auawe, na wiki ile ile Baba akanunua bunduki ya mtutu mwembamba, ya risasi ndogo ziendazo mbali, ili awapunguze kindi hao. Lakini kwa hatua mia mbili kindi aliyesimama hazidi chupa ya maziwa, na risasi za dukani zilitawanyika, nyingine zikajeruhi tu. Mama alimwona mmoja akijikokota kurudi shimoni, akaingia ndani, na wakati wa chakula cha jioni akasema, "Baba Karla, kama ni lazima afe, afe bila kujua. La sivyo, iuze hiyo bunduki."

Basi wakaanza kujaza risasi wenyewe, kwenye meza ya chumba cha chini, kando ya mitungi ya matango, kazi ya kusafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, kuyatia fataki mpya, kuyapimia baruti, kisha kukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Baba aliamini kila kasoro dawa yake ni kuongeza baruti, akapata kelele nyingi na shabaha mbovu, mpaka Mama akamwondoa kitini, akamwambia, "Hebu toka hapo, unapika kama mtu mwenye njaa."

Mama alipunguza, kidogo kidogo, akibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, wiki hii uzito wa baruti, wiki ijayo kina cha kichwa ndani ya ganda, akajaza tano za kila namna, Baba akazipiga kwenye kadi za shabaha, na nyuma ya kila kadi Mama akaandika kwa penseli alichokifanya. Kadi zilijaa masanduku mawili ya viatu kabla ya tarehe 3 Mei 1971, siku ambayo matundu matano yalifunikwa yote na sarafu moja ya senti kumi, na Mama akacheza dansi malishoni na mabuti yake ya mvua. Kila zilipoingia nne tundu moja na ya tano ikakimbilia pembeni, alimtania, "Nne zangu, moja yako," na Baba kila mara alisingizia upepo.

Agosti 1974 Baba alishinda mashindano ya kaunti kwa mara ya kwanza, na mtu mmoja akamuuliza nani anamjazia risasi nzuri namna ile. Siku zile mwanamume aliyejaziwa risasi na mkewe angetaniwa mpaka azeeke, hivyo Baba akajibu, "Si mimi mwenyewe, nani tena?" wakacheka, na neno likakaa hivyo kwa miaka arobaini na minane.

Machi 1998 Mama alilazwa hospitalini Billings kwa upasuaji wa nyongo, Baba akajaza mwenyewe kwa ajili ya mashindano, ganda moja akalisahau bila baruti, alipofyatua ikasikika pu, kama kizibo, na kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Kama asingesita, risasi iliyofuata ingempasukia usoni. Alipiga simu wodini, akasema, "Arlys, nimesahau baruti," na Mama akajibu, "Weka kila kitu chini, mzee, kalishe kuku," kisha muuguzi akatuambia kwamba alipokata simu alilia mpaka shuka likalowa.

Mwaka 2004 klabu ilipachika ukutani kibao kilichoandikwa kwamba Delmar Tvedt ni mlengaji bora na mjazaji wa risasi zake mwenyewe, na keki ya sherehe hiyo iliokwa na Mama. Wakiwa njiani kurudi nyumbani alisema, "Keki walau wamejua ni yangu." Baba anasema maneno hayo ameyasikia kila siku tangu hapo.

Mwaka 2017 Mama alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, mikono ikashindwa hata kijiko, basi wakabadilishana viti, Baba akawa anamimina baruti na Mama anasoma mizani, "Bado, bado kidogo, acha, nimesema acha, we Delmar!" Sanduku lao la mwisho, risasi hamsini, lilikamilika Oktoba 2022, na juu yake Mama aliandika kwa herufi zilizopinda, "Za Delmar. Asiongeze." Homa ya mapafu ilimshika mwishoni mwa Februari, na Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, alifariki nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulishia ng'ombe, wapishi wenzake wa shule waliotuletea chakula hadi friji ikakataa kufungwa, na kina mama wanaotuandalia kahawa chini ya kanisa. Wanachama wa klabu mnaouliza kibao kimekwenda wapi, Baba alikifungua mwenyewe kwa bisibisi yake, kiko pale mezani kando ya picha, na kitarudi ukutani kikiwa na jina la Mama, mkikubali, na hata msipokubali.

Mwisho, juzi Alhamisi Baba alikwenda peke yake malishoni na risasi tano za lile sanduku, na kadi aliyoipiga ameiweka ndani ya jeneza, chini ya mkono wa kulia wa Mama. Kwenye mstari wa jina la mpigaji ameandika Arlys Tvedt, na nyuma, kwa penseli, ameandika, "Nne zako, moja yangu. Hakukuwa na upepo."

Pumzika kwa amani, Mama, kuku tumeshawalisha.