Gladys Kiende, Mama wa Fomu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Gladys Kiende anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Meru kwa miaka ishirini na sita. Alianza kama mpiga chapa. Anaondoka akiwa mkuu wa dawati la mashamba, na bado ndiye pekee anayejua jinsi ya kufunga dirisha la ofisi ya nyuma.

Wakulima wengi hawajui jina la kituo. Wakifika langoni wanaulizia "yule mama wa fomu," na mlinzi huwaelekeza moja kwa moja. Gladys aliwasomea karatasi za korti kwa Kimeru, polepole, mpaka kila mtu aelewe anadai nini au anadaiwa nini.

Miaka sita iliyopita, kampuni moja ilitaka kuwaondoa wakulima wa viazi katika mashamba yao kule Kibirichia. Gladys akaandika maelezo ya familia arobaini na moja. Wiki iliyofuata trekta la kampuni likachomwa. Askari walimfuata ofisini asubuhi, chai yake ikiwa bado moto, akashtakiwa kwa uchochezi. Kesi ikapelekwa Embu, mbali na watu wake.

Siku ya kwanza aligundua kwamba hati ya mashtaka ilimwita "Glades." Akanyoosha mkono kizimbani. "Mheshimiwa, kama ni kufungwa, nifungwe mimi mwenyewe, si huyu Glades." Hata karani wa mahakama alicheka.

Baadaye kicheko kilipungua. Kwa miaka mitatu alikuwa akitoka kwake Kinoru kabla ya jua kuchomoza, afike Embu aambiwe kesi imeahirishwa: mara faili halionekani, mara hakimu amehamishwa, mara shahidi hakufika. Shinikizo la damu likampanda. Ndipo upande wa mashtaka ukamletea karatasi: aahidi kuacha kazi hii, na mashtaka yataondolewa. Tulimwambia hakuna atakayemlaumu. Aliisoma yote, akaikunja. "Nikitia sahihi, wale watu watasomewa barua na nani?"

Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa Kathuri, mmoja wa wakulima wale wale. Alikuwa amewekwa ndani siku kumi na moja, akaachiliwa alipokubali kusema kwamba alimsikia Gladys akiagiza trekta lichomwe. Wakili wetu, Purity Njoki, alijiandaa kumrarua kwa maswali. Gladys akamshika mkono. "Muulize pole pole, Purity. Huyo ni mtu ameogopeshwa."

Nilikuwa nimeketi nyuma yao. Purity alimuuliza kwa upole, "Mzee, siku trekta lilipochomwa, Gladys alikuwa wapi?"

Kathuri aliigeuzageuza kofia yake mikononi. "Alikuwa kwangu," akasema hatimaye. "Mama yangu alikuwa amefariki. Alikuja kutushika mkono, akakaa nasi mpaka jioni. Haya mengine niliambiwa niseme."

Miezi minne baadaye Gladys aliachiliwa huru. Sisi tuliimba, tukalia, tukapigana picha. Yeye alikuwa akitafuta mtu kwa macho. Kathuri alikuwa amesimama peke yake kando ya lango, hathubutu kusogea. Tangu alipokamatwa, masharti ya dhamana yalikuwa yamemkataza Gladys kuzungumza naye. Alimwendea, akamshika mikono yote miwili. "Twende nyumbani, Kathuri. Gari la Meru litatuacha."

Kesi ya mashamba yenyewe haijaisha, na Gladys angetukemea tukidai hapa kwamba tumeshinda. Lakini zile familia arobaini na moja bado zinalima pale pale, na vijana wawili wa Kibirichia sasa wanasomea sheria.

Mama, asante kwa miaka uliyotupa, na kwa ile mitatu uliyonyang'anywa. Daktari amekwambia upumzike. Safari hii mtii. Lala mpaka jua liingie chumbani. Mungu akupe afya na wajukuu wenye kelele, na asubuhi zako zote ziwe zako mwenyewe.

Susan Nyamu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako