Kazi ya Mwisho ya Bi Bado

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye kaka yake mkubwa, sauti yangu mnaijua, haijawahi kuhitaji kipaza sauti, ila leo ikikatika mtanivumilia.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1986 katika nyumba hiihii, mtoto wa mwisho wa marehemu baba yetu seremala na mama huyu aliyekaa hapa mbele, nami ndiye niliyembeba mpaka mgongo ukapinda, alianza shule ya msingi mwaka 1994, akamaliza sekondari 2005, akasomea kompyuta chuoni mpaka 2009, mimi darasa lilinishinda mapema nikaenda kuziba pancha, kwa hiyo alisoma kwa niaba yetu wawili, na akili ikabaki ya kugawia mtaa mzima.

Mwaka 2010 aliajiriwa kwenye duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya stendi, ila kazi aliyoipenda aliifanya nyumbani bila malipo, yeye na wenzake waliotapakaa dunia nzima, walitengeneza programu huria, yaani ya bure, yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, inawaonyesha waandika programu walipokosea kabla kazi yao haijawafikia watu, na kwao hakuna rekebisho linalotoka mpaka lijaribiwe na mtu mwingine, basi mjaribu wake nilikuwa mimi, alisema ikimshinda kaka kosa si la kaka, ni letu, na hakuna programu duniani ambayo sijaiua, nilibonyeza pasipobonyezwa mpaka kompyuta ikalia kama kifaranga, naye anacheka huku anarekebisha, na nikisema imekubali ananijibu kutoka chumba cha pili, bado, rudia, ndiyo maana hata wenzake wa ng'ambo walimwita Bi Bado.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na shemeji yangu fundi majokofu, wakajaliwa binti na mvulana, hawa waliokaa miguuni kwa bibi yao.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anakwenda kusafishwa damu na kompyuta yake mapajani, kazi yake ya mwisho ilikuwa kuifanya programu ile ikubali kwenye kompyuta kuukuu kama yake, ili asiye na uwezo wa kununua mpya naye ajifunze, akaimaliza, akaniambia kaka njoo Jumapili ujaribu, Jumapili hiyo akazidiwa, akafariki wodini alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Jana wenzake waliandika kwamba hawaitoi mpaka mjaribu wake aseme, shemeji akaniwekea kiti, nikabonyeza kote kama nilivyozoea kuharibu, ikagoma kufa, nikasema kwa sauti imekubali, nikasubiri, chumba cha pili kimya, basi nikarudia mwenyewe tangu mwanzo, ikakubali tena, ndipo nikamwambia shemeji awaandikie waitoe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopokezana kumsindikiza hospitali, bosi wake aliyemtunzia kiti chake dukani mpaka mwisho, na wenzake wa mbali ambao hawakumwona hata siku moja na wanalia kama sisi.

Mdogo wangu, imekubali, sasa pumzika kwa amani.