Mzee Maranda Aweka Tupa Chini

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kunoa, kufungua, kufunga na kugombana na stoo, fundi mkuu wa karakana ya misumeno ya mnyororo katika shamba letu la miti anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni karani wa stoo. Uamuzi huo ni wa ajabu kidogo, kwani hakuna mtu aliyemnyima fundi huyu vitu vingi kuliko karani huyo. Ila dirisha la stoo linatazamana na jiriwa yake, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kilichofanyika pale bila karani kuchungulia.

Alianza kazi kama mkata matawi. Siku hizo msumeno ulitumika mpaka uzimike, kisha ukatupwa nyuma ya ofisi pamoja na viti vibovu. Yeye alikuwa akienda kuichokonoa misumeno hiyo saa ya mapumziko. Mwaka wa pili alikuwa amefufua minne bila ruhusa ya mtu, na msimamizi hakujua ampe barua ya onyo au ampe funguo za karakana. Akampa funguo.

Jina la Mzee Maranda alilipata kutokana na desturi yake. Mkataji aliyeleta msumeno na kulalamika kwamba haukati hakuulizwa swali. Alitakiwa atoe mfukoni konzi ya maranda ya mkato wake wa mwisho. Mzee aliyamwaga juu ya gazeti, akayatandaza kwa kidole, kisha akautaja ugonjwa. Yakiwa unga mtupu, mnyororo ni butu. Yakiwa yameungua, mafuta hayafiki kwenye mnyororo. Yakiwa mchanganyiko, mengine manene na mengine vumbi, basi mtu amenoa meno ya kulia kwa moyo na ya kushoto kwa uvivu, na huo msumeno utakata kwa kupinda. Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa msituni hata awe bosi. "Acha maneno, fungua mfuko" ndiyo ilikuwa salamu yake. Mkewe, ambaye ni mwalimu, amekwisha kutangaza kwamba zawadi ya kumuaga ya leo ni yake yeye, kwa sababu ndiye aliyefua mifuko ya maranda kwa miaka yote hiyo.

Asije mtu akadhani kwamba alizaliwa anajua. Juu ya meza yake kuna pistoni moja iliyochubuka ubavuni, na kila mgeni huiulizia. Mwaka wake wa tano kazini alisikia kwamba ukiipanua ekzosi kidogo, injini inapumua vizuri na msumeno unapata nguvu. Ni kweli. Akauchukua msumeno mpya kuliko yote shambani, akaipanua ekzosi, akauwasha. Ulilia kwa raha, ukakata gogo la kwanza kama mkate, la pili pia, na kwenye la tatu ukanyamaza moja kwa moja. Alikuwa ameongeza pumzi akasahau kurekebisha kabureta iongeze petroli, na kwa kuwa mafuta ya kulainisha injini huja ndani ya petroli hiyohiyo, pistoni ilikauka ikaungua. Dakika kumi na tisa, msumeno mpya kwisha habari yake! Wengine wangeizika ile pistoni. Yeye aliiweka mezani ili imkodolee macho, na tangu siku hiyo hakubadilisha kitu kwenye mashine bila kujiuliza mabadiliko hayo yanadai nini upande wa pili.

Miaka mitatu iliyopita ilikuja barua kutoka ofisi kuu. Karakana ingefungwa mwisho wa mwaka, misumeno ingepelekwa kwa kampuni ya nje, na mafundi sita wangetafuta pa kwenda. Baadhi yetu tulikufa moyo palepale. Mzee aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kwa meneja kuomba kitu kimoja tu: gogo la mkaratusi lililokauka, nene kiasi cha mtoto kujificha nyuma yake.

Siku ya jaribio la kushindanisha karakana yetu na ile kampuni ya nje, uwanja ulijaa. Fundi mgeni wa ile kampuni alikuja na msumeno mpya, bado unanukia boksi. Mzee alimtoa Shangazi. Kwa wasiomjua, Shangazi ni msumeno wenye umri wa miaka tisa, silinda ya msumeno mmoja marehemu na mshikio wa marehemu mwingine, ulioitwa hivyo kwa sababu hupiga kelele nyingi ukiamshwa lakini ukishatulia unafanya kazi ya watu watatu. Mgeni alikata gogo kwa sekunde thelathini na moja, tukapiga makofi kwa adabu. Shangazi akaingia, maranda yakaruka mapana kama kucha za dole gumba, kipande kikaanguka. Sekunde ishirini na mbili. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi kwenye vitalu vya miche, na karani wa stoo anakiri kwamba alimkumbatia mtu asiyemfahamu.

Meneja, mtu wa uso mkavu, hakukumbatia mtu. Alisema, na ilikuwa hoja ya haki, kwamba huenda Shangazi ana nguvu tu. Hapo ndipo Mzee alipofanya jambo ambalo hatukulitarajia. Aliomba msumeno wa mgeni. Akaufungua mnyororo, akaubana kwenye jiriwa, akanoa jino moja moja, yote urefu mmoja, kulia sawa na kushoto. Akapunguza vile vinundu vilivyo mbele ya meno, ambavyo ndivyo vinavyoamua jino limege kiasi gani. Hakukadiria kwa jicho. Alitumia kipimo, kwa sababu kinundu kikishushwa mno msumeno humrukia mwenyewe usoni. Akasawazisha kingo za ubapa unaobeba mnyororo, akafunga, akamrudishia mgeni akate mwenyewe. Injini haikuguswa. Sekunde ishirini na nne! Mgeni aliinama akaokota maranda yake, akayatazama, akampa Mzee mkono bila kinyongo.

Meneja aliandika ofisi kuu siku hiyohiyo, na karakana ikabaki, kwa sharti moja. Kama ujuzi wote uko kwenye mikono ya mtu mmoja, alisema, basi tumeahirisha tu kuifunga. Kabla ya kustaafu, Mzee atie saini kwamba yupo anayenoa kama yeye. Asipotia, karakana itafungwa siku atakayoondoka. Kila mtu alijua kwamba Mzee hasaini uongo.

Akamchagua Mama Kitalu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipandikiza vikonyo kwenye miche kwa wembe bila mkono kutetemeka. Watu walicheka. Mzee aliwaambia kwamba tupa haiulizi aliyeishika alikuwa wapi jana. Mwaka wa kwanza Mama Kitalu hakuruhusiwa kugusa injini, alinoa tu. Mwaka wa pili alipanua ekzosi, na alichoshika kwanza kabla ya tupa kilikuwa bisibisi ya kabureta. Karani alitoa tupa za duara kwa idadi ya kutisha, huku roho ikimuuma, maana ni kweli kama wasemavyo kwamba ana mkono wa birika.

Mwezi wa Mei ulifika. Fomu ya meneja ililala mezani kwa Mzee bila saini. Mafundi walikuwa wakipita hapo kuiangalia kama wanaoangalia mgonjwa. Meneja aliuliza mara mbili. Mzee alijibu kwamba bado, kwamba dada anakata vizuri lakini bado anamwogopa yeye, na fundi mwenye woga hupitisha kazi mbovu ya mkubwa wake. Tuliona anazidisha. Kusema kweli, karani alimkasirikia.

Jumanne ya pili ya Juni, Mzee alinoa mnyororo, akaujaribu kwenye gogo, akauweka msumeno wake kwenye rafu ya misumeno iliyo tayari. Mama Kitalu alisimama mbele yake akanyoosha kiganja. Mzee aliingiza mkono mfukoni akatoa maranda. Mama Kitalu akayatandaza juu ya gazeti, akayatazama kwa muda, kisha akamwambia kwa upole kabisa, shikamoo ikitangulia, kwamba mzee wangu, kushoto umeacha meno marefu, rudia.

Akarudia. Bega lake la kushoto limechoka, alikuwa akijua kwa miezi kadhaa, na hakuwa amemwambia mtu. Kabla ya kushika tupa alikuwa amekagua kwa kipimo, akakuta dada yuko sahihi. Alipomaliza akavuka uwanja hadi dirisha la stoo, anacheka peke yake, machozi yanamtoka, akaomba kalamu. Katika miaka kumi na tisa, hicho ndicho kitu pekee alichokiomba akapewa bila kujaza fomu.

Mzee wetu, karakana iko wazi, mafundi wote sita wapo kazini, na Shangazi ameamka asubuhi hii kwa mvuto mmoja. Asante kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa ile pistoni, ambayo Mama Kitalu amekataa iondoke mezani. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema na bega lisilouma, wewe na mwalimu wetu na wajukuu. Ukitukumbuka, pita wakati wowote, geti unalijua. Ila usije na maneno matupu. Njoo na maranda mfukoni, kwa maana siku hizi anayekagua si wewe.