Marehemu Verlin Stuckey na Rashasha Aliyoiuza

Verlin Dale Stuckey alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika shamba la tumbaku la wazazi wake, Orville na Hazel, wilaya ya Larue, Kentucky. Mama yake alisema alizaliwa kimya, na kwa miaka mingi hakuona sababu ya kubadilika.

Alisoma Hodgenville na kumaliza sekondari mwaka 1966. Vitabu hakuvipenda, isipokuwa vyenye michoro ya mashine. Hivyo vya mashine alivisoma mpaka majalada yakang'oka. Kuanzia 1967 hadi 1970 alikuwa fundi wa silaha jeshini, kambi ya Fort Knox. Huko ndiko alikoanza kupenda bunduki za rashasha. Hakuvutiwa na mlio wake. Alipenda kuona vyuma vingi vikienda pamoja bila kugombana.

Alirudi uraiani akachonga vyuma kiwandani Elizabethtown hadi alipostaafu mwaka 2004. Tarehe 14 Oktoba 1972 alimwoa Nadine Hornback, wakajaliwa watoto wawili, Rhoda na Lyle.

Mwaka 1984 alinunua rashasha yake moja na ya pekee kwa dola mia saba. Alilipa kodi ya serikali dola mia mbili, akapeleka alama za vidole, akangoja kibali. Sherifu, ambaye saini yake ilihitajika, alimuuliza, "Verlin, dude hili unakwenda kumpiga nani nalo?"

"Makopo ya maharage, mkuu. Na yenyewe mpaka yanichokoze."

Miaka miwili baadaye sheria ilifunga usajili wa rashasha: zilizokwisha kuandikishwa zibaki, mpya kwa raia basi. Tangu hapo bei ilipanda kila mwaka. Marehemu hakuifuatilia. Alichofuatilia ni sheria, na kwa sheria yeye peke yake, mwenye jina kwenye usajili, ndiye aliyepaswa kuweza kulifungua kasha la chuma alimoifungia. Hata mkewe hakujua ufunguo ulipo.

"Nimekuzalia watoto, nakufulia soksi," Nadine alimwambia mbele ya wageni, "halafu kasha lako unanificha?"

"Soksi hazina kifungo cha miaka kumi, mama Rhoda."

Mwaka 2017 Lyle alihukumiwa kwa kuuza vidonge vya kulevya. Yeye mwenyewe ameomba jambo hili lisifichwe leo. Mnamo Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu usiopona, na madaktari walizungumzia mwaka mmoja, pengine na kidogo. Mei mwaka huo Lyle aliachiliwa kwa masharti, akataka kurudi kumuuguza baba yake. Ofisa aliyemsimamia alikuja, akaangalia nyumba, akasema, "Mzee, akikaa hapa, bunduki hata moja isiwepo."

Bunduki za kuwindia zilikwenda kwa mume wa Rhoda siku ileile. Rashasha haihamishwi hivyo bila kibali cha serikali. Rhoda alijitolea. "Baba, lete kwangu niifungie mpaka mambo yatulie."

"Nikikuachia, nimekupa jela. Familia hii imeshapeleka mmoja, anatosha."

Basi akaamua kuiuza. Glenn Boswell, mkusanyaji wa bunduki, alikubali dola elfu ishirini na sita, na maombi yakapelekwa mwezi Juni. Mpaka kibali kitoke, bunduki ilipaswa kubaki kwa muuzaji, na ikibaki, Lyle hawezi kuingia. Kwa hiyo Lyle alipanga chumba juu ya duka la dobi. Kila Jumamosi baba na mwana walikutana mkahawani kula mkate na mchuzi wa soseji, mtungi wa oksijeni ukiwa kwenye kiti cha tatu. Kadiri miezi ilivyopita, marehemu alizidi kukonda, na Lyle akawa anamkatia chakula.

Desemba alikuja kijana kutoka Lexington aliyesikia habari za bunduki hiyo. "Mzee, vunja na Boswell tuanze upya mimi na wewe. Bei imepanda. Nakuongezea elfu sita, taslimu."

"Kuanza upya ni miezi mingapi?"

"Saba, minane. Si utangoja tu?"

"Wewe ngoja, mwanangu. Una mapafu."

Nadine alikuwa jikoni na alisikia yote. Ameomba iandikwe kwamba elfu sita zingetengeneza paa, na kwamba hakusema neno.

Kibali kilitoka tarehe 18 Januari 2024. Boswell alifika asubuhi, marehemu akaifuta bunduki kwa mara ya mwisho na kumkabidhi. "Ichukue upesi, Glenn, kabla sijaanza kuipa wosia." Mchana Lyle aliingia na begi moja. Tangu siku hiyo ndiye aliyemnyoa baba yake, akamgeuza kitandani na kubishana naye juu ya mpira wa kikapu. Marehemu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 27 Aprili 2024, mkewe na watoto wake wote wawili wakiwa chumbani.

Ameacha mjane, Nadine; dada, Opal, wa Campbellsville; binti, Rhoda, na mumewe Royce, wa Radcliff; wajukuu watatu; na mwana, Lyle, wa nyumbani.

Mungu ampe pumziko la amani.