Mwanamke wa Mizani

Kwenye benchi letu, lililobanwa kati ya saluni ya Kinyozi na kibanda cha Fundi Saa, kila mtu ni mtaalamu wa jambo asilolijua. Asubuhi hiyo Fundi Saa alikuja mnyonge. Mkewe, muuza maharage, alikuwa amempa neno la mwisho: amweleze maana ya picha moja tu kwenye zile sarafu zake kuukuu za shaba, la sivyo mkebe mzima unakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akatoa ile ya Warumi anayoipenda kuliko zote, imeota ukijani. Upande mmoja mfalme, upande wa pili mwanamke ameshika mizani na pembe.

— Huyo mkewe, akasema Kinyozi.

— Mbona wamepeana mgongo? akauliza Dobi. Wamenuniana hao.

— Vitabu vinasema si mtu, ni Usawa, akaeleza Fundi Saa. Warumi walikuwa wanachora jambo kama mtu. Na pembe ni ya neema, imejaa matunda.

— Matunda wapi? Tarumbeta hiyo, akakata Meneja, ambaye hajawahi kusimamia hata kuku. Anaita wanajeshi waje wapimwe uzito.

— Wanene wanaachwa? akauliza Kinyozi.

— Wanene ndio wanatangulizwa. Mshale haufiki ndani.

— Basi wewe ungekuwa jemadari, akasema Dobi.

— Jamani, mke wangu yuko njiani. Nimwambie tarumbeta?

Kumbe shemeji alishafika na kapu lake. Tukasogea akae. Akaigeuzageuza sarafu kwenye mwanga, taratibu, mpaka Fundi Saa akaanza kutoka jasho.

— Mizani tupu, akasema. Na imekaa sawa. Anamwonyesha mteja kabla hajaweka kitu. Mimi ndivyo ninavyofungua kazi.

Meneja akaimeza tarumbeta yake.

— Sasa mteja wake nani? akauliza shemeji.

Kinyozi akachungulia kikombe chake kama jibu limo humo.

— Hamjui. Haya, mkebe ubaki. Ila huyu naenda naye sokoni, atakaa na mimi.

Akaondoka na sarafu. Nilimwonea huruma Fundi Saa, kipenzi chake kile. Yeye akamsindikiza mkewe kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akatuagizia kahawa sote.

— Miaka yote hii, akasema, hajawahi kuzigusa.